Kona ya Lukia

Jumapili, 6 Oktoba 1974

Mimi Dorkas, mjane wa Eliufoo, naandika haya kwa mkono wangu mwenyewe. Mwalimu Saada wa kisomo cha watu wazima ametugawia madaftari, akasema kila mmoja aandike siku zake tangu sasa mpaka vuli iishe, hata mstari mmoja, ili mkono usisahau. Nikamwambia mkono huu umeshika jembe miaka hamsini na haujalisahau. Akasema, "Bibi, jembe unalishika kila siku. Na kalamu ishike hivyo hivyo." Nikaipokea kalamu.

Utotoni sikupelekwa shule. Baba alikuwa na mbuzi wengi na hakuwa na mtoto wa kiume, basi.

Leo hakuna mvua.

Jumanne, 8 Oktoba

Hakuna mvua. Tumekula makande ya mahindi ya njano ya msaada. Yanachemka tangu asubuhi na jioni bado yanauma meno.

Alhamisi, 10 Oktoba

Niwaandike watu wangu, maana Mwalimu Saada anasema msomaji asipotee.

Nakaa na mjukuu wangu Priska. Mama yake alikuwa Lukia, binti yangu, aliyefariki Priska akiwa na miaka mitatu. Nimemlea mimi. Sasa ana mimba yake ya kwanza, itatimia karibu na Krismasi. Mumewe ni Linus, Mmatengo wa huko kusini kabisa. Alikuja kukata mkonge bondeni, akamwona Priska kwenye soko la Myamba, akapanda mlima nyuma yake kama mbwa aliyenusa supu. Sikumpenda. Si kwa sababu yeye ni Mkatoliki na mimi Mlutheri, Mungu anatusikia sote. Nilisema mbele yake kwamba mtu aliyeacha milima ya kwao ataacha na ya kwetu. Akasema, "Ndiyo, bibi," akachukua ndoo akaenda kuchota maji.

Mali aliyokuja nayo ni baiskeli. Huku kwetu njia zote ni kushuka na kupanda, hata mbuzi hupumzika katikati. Baiskeli inaning'inia ukutani mwaka wa pili huu. Kila Jumamosi anaifuta vumbi, anatia mafuta kwenye mnyororo, anazungusha pedeli na kusikiliza gurudumu likienda hewani. Nimemwambia Priska, "Mke mwenzangu, mume wetu ana mke wa tatu, na huyo ndiye anayepakwa mafuta."

Priska akacheka mpaka akashika tumbo. Ninampenda akicheka. Mama yake alicheka hivyo hivyo, kwa mabega.

Jumamosi, 12 Oktoba

Linus leo kanijia jikoni, kachuchumaa mlangoni.

"Bibi, baiskeli haitaki njia pana. Inataka njia ya usawa."

"Basi irudishe kwenye mkonge."

"Njia ya usawa mlima huu ipo. Maji yameiona zamani."

Nikaacha kupepeta. Ni kweli. Mfongo wetu, ndio mfereji wa maji ya kumwagilia, unatoka kwenye ndiva, bwawa letu lililoko juu msituni, unapita nyuma ya nyumba zetu, unauzunguka mlima polepole kama mtu anayejifunga kanga, unatokea kwenye mashamba karibu na Myamba. Na Myamba ndiko kwenye zahanati. Wazee wa zamani waliuchimba bila kipimo ila maji yenyewe. Hakuna mahali unapanda. Hakuna mahali unashuka ghafla.

Njia yetu ya miguu inateremka korongoni na kupanda ng'ambo. Mgonjwa akibebwa kwa machela ni saa tatu, wabebaji wakiwa na nguvu. Linus anasema kwa baiskeli kandokando ya mfongo haifiki saa moja.

"Mwambie Gideoni," nikasema, nikimtaja msimamizi wa mfongo, na nikacheka peke yangu.

Jumatano, 16 Oktoba

Hakuna mvua. Mawingu yamekuja mpaka Same, yakatutazama, yakaondoka.

Jumapili, 20 Oktoba

Leo baada ya ibada pamekuwa na kikao cha mfongo. Nitaandika kirefu, mkono utauma lakini nitaandika.

Gideoni ni shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, na ndiye msimamizi wa mfongo. Anapanga zamu za maji, anafungua na kuziba ndiva. Sheria ya mfongo ni ya tangu mababu: hakuna mzigo wala mnyama kwenye ukingo. Ukingo ukibomoka maji hupotea, na mtu aliyeubomoa hutoa mbuzi. Gideoni anailinda sheria hiyo kuliko anavyolinda meno yake, ambayo yamebaki manne.

Linus kasimama akasema neno lake. Gideoni akamsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ukingo wa mfongo si barabara, kijana wangu."

"Sitaki ukingo, babu. Nataka tuchimbe njia hatua moja chini yake. Kila mwenye shamba atoe upana wa mikono miwili."

Watu wakanung'unika, tuna njaa, nani atachimba. Lakini hakuna nyumba kwetu ambayo haijawahi kubeba mtu kwa machela. Mmoja mmoja wakasema sawa. Ikakubaliwa msaragambo kila Jumamosi, ile kazi yetu ya wote, baragumu likilia hakuna anayebaki nyumbani.

Ndipo tukafika kwenye kona.

Kuna mahali mlima umetoa pua. Mfongo unaizunguka pua hiyo, na ukingo wake pale ni upana wa mguu mmoja. Chini ni korongo, hakuna pa kuchimba. Juu ni shamba langu, lina ukuta wa mawe unaofika kifuani, wa kuzuia udongo, na migomba na mibuni. Njia ina mahali pawili tu pa kupita: juu ya ukingo wenyewe, au shambani kwangu.

Gideoni akasema, "Pale ipande kwa shemeji. Hatua nne tu ndani ya shamba, kisha ishuke tena."

Kila mtu anajua kilichopo hatua nne ndani ya shamba langu. Lukia yupo pale.

Nikasimama. Nikasema, "Gurudumu halitapita juu ya mwanangu. Ipite ukingoni."

"Ukingoni haipiti, shemeji."

"Kwa sababu ya maji yako."

Akageuka kutazama upande wa kona. Watu wakatazama miguu yao. Wakaamua kazi ianze kwa pande zote mbili, na kona iachwe mpaka mmoja wetu alegee. Hawamjui Gideoni. Na mimi hawanijui.

Jumatatu, 21 Oktoba

Nimeamka na jambo la jana, basi niliandike liniondoke.

Mwaka wa 1958 Lukia alikuwa na mimba ya pili. Siku zilipofika mtoto alikaa vibaya. Wanaume wanne walimweka kwenye machela. Njia ya korongoni ilikuwa imekatika kwa mvua, wakaamua kupita ukingoni, kinyume cha sheria, maana alikuwa anapiga kelele na hakuna aliyeweza kungoja. Ukingoni hawatoshi watu wanne. Walibaki wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma. Kwenye kona ukingo ukameguka chini ya mguu wa yule wa mbele. Wakaenda wote korongoni. Wabebaji waliinuka.

Wa mbele alikuwa Gideoni.

Nilimzika Lukia pale pale juu ya kona, nikapanda isale kichwani pake, mmea wetu wa kuweka alama kaburini. Gideoni alisema pole siku ile. Tangu hapo hatujalitaja jambo hilo, miaka kumi na sita. Sikuwahi kusema ni yeye. Sikuwahi kusema si yeye. Nilimpa chakula akija, nikamwuguza alipopata homa. Lakini kila anapofungua maji yake asubuhi nasema moyoni, mtu huyu anapenda maji kuliko watu.

Jumamosi, 26 Oktoba

Msaragambo wa kwanza. Baragumu limelia kabla jua halijapanda. Nimepeleka dengelua madebe mawili, pombe ya miwa, hakuna anayechimba kwa makande ya njano peke yake.

Jumamosi, 2 Novemba

Linus anachimba kama mtu anayesuka. Kwao Umatengo ni milima kama yetu, anasema, mtoto huanza kuchimba kabla hajajua kulia vizuri. Anaweka jiwe, anarudi nyuma, analitazama, analigeuza. Mawe yake hayatikisiki. Vijana waliokuwa wakimwita Manamba, yaani kibarua wa mkonge, sasa wanamwuliza, "Fundi, hili liende wapi?" Naye hainui kichwa.

Nilikuwa nimekosea juu ya huyu. Naandika hapa, kwa mdomo sitasema, atavimba kichwa.

Jumatano, 6 Novemba

Priska kavimba miguu. Nimemkanda. Anauliza, "Bibi, njia itafika kabla ya mtoto?" Nikamwambia mtoto hajui kusoma kalenda, asihangaike.

Jumapili, 10 Novemba

Leo nimepanda baiskeli.

Njia ya upande wetu imefika mpaka karibu na kona. Linus akaishusha baiskeli ukutani, akapiga pampu, akaja nayo mlangoni nikiwa bado na nguo ya kanisani. "Shikamoo bibi. Panda."

"Marahaba. Nipande wapi, mgongoni mwako?"

"Kwenye keria. Wewe si ndiye mke mkubwa?"

Priska akasema, "Nenda, mke mwenzangu, mimi sina wivu."

Nikakaa upande, nikamshika kiuno, nikasema baba yetu uliye mbinguni. Kisha nikanyamaza, maana hapakuwa na kitu cha kuogopa. Inakwenda bila kuruka. Mlima mzima umekauka, umekuwa rangi ya ngozi ya punda, lakini kandokando ya mfongo hata unyevunyevu mdogo umetosha: majimbi, migomba, nyasi ndefu zinanigusa miguu. Nilikuwa ndani ya mstari mmoja wa kijani uliofungwa kwenye mlima mkavu. Chini huko mbali niliona bonde, na reli, na lori moja likitimua vumbi kuelekea Makanya, dogo kama siafu, na sauti yake haikufika. Huku hakuna gari litakalopita kamwe. Nilisikia mnyororo tu, na ndege, na pumzi ya Linus.

Maisha yangu yote nimeijua nchi hii kwa magoti. Kupanda, magoti. Kushuka, magoti. Sikujua kwamba inaweza kunipita taratibu namna ile huku mimi nimekaa, kama bibi harusi.

Tukafika mwisho wa njia, kwenye kona. Linus akashuka. Ng'ambo ya pua ya mlima niliwaona watu wa upande wa Myamba, nao wamefika. Katikati yetu ni ukingo ule, mguu mmoja upana wake, hatua kama ishirini. Linus alitazama ukuta wangu wa mawe, halafu akatazama isale inayochungulia juu yake. Hakuomba. Angeomba ningemfukuza.

"Turudi, bibi," akasema.

Njiani kurudi sikuona majani.

Jumatano, 13 Novemba

Manyunyu leo. Watu wametoka na mbegu kabla hata udongo haujalowa. Nami pia nimepanda.

Jumapili, 17 Novemba

Jua.

Ijumaa, 22 Novemba

Mahindi yameota, vidole viwili, na jua linayatazama. Chemchemi imekuwa nyembamba kama mkojo wa mtoto. Gideoni ameziba ndiva ili ijae. Zamani ilijaa kwa usiku mmoja. Sasa anasema siku nane, naye atafungua mara moja tu, maji yaende kote, nyumba thelathini, kila mmoja anyweshe miche yake na baada ya hapo tumwachie Mungu.

Amepita hapa leo. Nikamwambia, "Shemeji, kona ile, unasemaje?"

"Nasema ilivyokuwa."

"Priska miguu imevimba."

"Najua. Nimekuja kukuomba hatua nne, shemeji. Kwa mara nyingine."

"Na mimi nakuomba ukingo. Kwa mara nyingine."

Akaondoka na fimbo yake. Nikasema kwa sauti, asikie, kwamba moyo wa mtu huyu umechimbwa mfereji ndani yake. Nilijisikia vizuri kwa kusema hivyo. Naandika ili nisisahau kwamba nilijisikia vizuri.

Jumatatu, 2 Desemba

Niko Myamba, kwenye zahanati. Mwalimu Saada amekuja kuniona, ameniletea daftari. Nitaandika yote kwa mpangilio.

Ijumaa iliyopita asubuhi baragumu lililia la kufungua ndiva. Watu wote walikwenda mashambani mwao na majembe kupokea maji. Mimi nilibaki kwa sababu Priska alisema mgongo unamwuma. Nikaenda uani kuchukua kuni. Niliporudi alikuwa amesimama katikati ya nyumba anatazama miguu yake. Damu ilikuwa imefika sakafuni. Haikuwa damu ya uchungu, ninaijua ile. Hii ilikuwa inatoka bila maumivu, kimya, kama maji.

Nikamwita Linus kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Alikuja anakimbia kutoka shambani. Hakuuliza kitu. Alifunga mto kwenye keria kwa kanga yangu, tukamkalisha Priska, yeye akashika usukani akakimbia nayo, mimi nyuma nimeukumbatia mgongo wa Priska. Njia ile ilitupeleka kama kiganja. Njia yao ya Jumamosi, yenye mawe yasiyotikisika. Kando yetu mfongo ulikuwa unakuja na maji, umejaa, maji ya siku nane, yana takataka mbele.

Tukafika kwenye kona.

Ukingo ulikuwa umelowa. Gideoni alikuwepo, na jembe, anayasindikiza maji kama afanyavyo. Alimwona Priska. Aliona kanga yenye damu.

Linus akasema, "Nitambeba mikononi. Nitapita."

"Hapana," akasema Gideoni. "Hapa habebwi mtu."

Nikamwambia, "Gideoni, utamwua huyu pia?"

Nililisema. Miaka kumi na sita halijatoka, likatoka siku hiyo. Akanitazama, na uso wake haukukasirika. Ulikuwa uso wa mtu aliyekuwa anangoja kuitwa na sasa ameitwa.

"Shemeji," akasema, "mimi nilikuwa mbele. Najua mguu wangu ulipokwenda. Kila siku nikipita hapa naupeleka mahali pengine. Ulidhani naulinda ukingo huu kwa ajili ya maji?"

Kisha akaingia ndani ya mfongo, maji yakamfika magotini, akainua jembe akaupiga ukingo.

Mtu asiye wa kwetu hataelewa nilichokiona. Msimamizi wa mfongo, aliyetoza watu mbuzi kwa ajili ya alama ya kwato, aliupiga ukingo kwa nguvu zake zote na kuuvutia ndani, akaujaza mfereji kwa udongo wake wenyewe. Linus akamwacha Priska mikononi mwangu, akashika mawe. Mawe hayatoshi. Gideoni akasema, "Ukuta." Wakanitazama wote wawili.

Nikamketisha Priska, nikapanda, nikaanza kuuvunja ukuta wangu mimi mwenyewe. Niliwatupia mawe. Eliufoo aliujenga ukuta ule mwaka tuliooana. Jiwe la kwanza liligoma, la pili likaja na mengine. Mfereji ukajaa, ukawa sawa na ukingo, ukawa njia pana ya hatua mbili, ya matope na mawe. Maji yalikuwa yanakuja nyuma, yakakosa pa kwenda, yakapanda, yakamwagikia korongoni. Ndiva iko mwendo wa saa nzima juu msituni. Hapakuwa na wa kwenda kuiziba. Maji yote ya nyumba thelathini yalikwenda chini mbele ya macho yetu na sauti kubwa.

"Piteni," akasema Gideoni.

Gurudumu la nyuma lilizama. Gideoni akaliinua na bega lake. Tukavuka. Nilipogeuka alikuwa amesimama palepale, jembe limeanguka, matope mpaka kifuani, anatazama mguu wake.

Upande wa Myamba njia ilikuwa safi. Sikumbuki majani wala ndege. Nakumbuka nilikuwa namwambia Priska hadithi ya fisi, ile ya utotoni, na kila alipofumba macho nilimfinya.

Muuguzi alimpokea mlangoni. Mtoto amezaliwa siku ile ile alasiri, wa kike, kabla ya wakati wake, mdogo mno, namfunika kwa kiganja kimoja mgongo wote. Analia kidogo kidogo kama anayejaribu. Priska ni mweupe midomo lakini yuko. Muuguzi alisema tungepita korongoni asingekuwa na kazi ya kufanya.

Linus alikaa nje chini ukutani, na baiskeli magotini mwake, analia bila sauti. Nikaenda nikakaa naye. Nikamwambia, "Mume wangu, kamasi zako zinadondokea mnyororo, utashika kutu." Akacheka akilia.

Alhamisi, 5 Desemba

Priska amekula uji bakuli zima. Mtoto ananyonya. Jua.

Jumapili, 8 Desemba

Nimerudi nyumbani kwa sababu ya kikao. Nimepita mashambani kwanza. Mahindi ya kila mtu yamelala. Ukishika jani linakuwa unga.

Gideoni alikaa mbele ya watu bila kofia. Hakujitetea. Jenoveva, jirani yetu, ana watoto saba na mume hana, yeye ndiye aliyesimama.

"Nampenda Priska," akasema. "Nimembeba mgongoni mimi mama yake alipofariki. Lakini semeni ukweli, mtoto mmoja amekula mahindi ya nyumba thelathini. Wanangu niwaambie nini?"

Wengi wakaguna, maana ni kweli.

Mzee mmoja akasema sheria ni sheria, Gideoni atoe mbuzi, na usimamizi auache. Gideoni akaitikia kwa kichwa. Ndipo nikasimama.

Nikasema, "Mbuzi atatoka kwangu. Ukingo ule umevunjwa na mimi tangu mwezi wa kumi. Mtu huyu aliniomba hatua nne za shamba mara mbili. Nilimnyima, nikasema anapenda maji. Alikuwa anaogopa mtu mwingine asianguke pale, nami nilijua moyoni, ila ilikuwa raha kwangu kutojua. Ningetoa hatua nne, baiskeli ingepita juu, maji yangepita chini, na mahindi yako Jenoveva yangekuwa kiunoni. Yangekuwa magotini, nisizidishe. Mkiwa na hasira, hasira ije huku."

Jenoveva akasema, "Imekuja huko, mama. Kaa chini."

Nikakaa. Sikusamehewa leo, na sikuomba. Nitawapelekea viazi vyangu vya bondeni, watoto wale saba, mpaka msimu ufike. Gideoni wamemwacha na usimamizi wake. Alipopita karibu nami nikamwambia, "Shemeji, njoo ule."

Akaja. Tulikula pamoja. Alipomaliza akasema, "Miaka kumi na sita unanipikia, leo ndiyo umetia chumvi."

Ijumaa, 13 Desemba

Nimekwenda kwa Lukia peke yangu asubuhi. Nimemweleza kwamba njia itapita kwake. Kisha nimeing'oa isale kwa mikono, na mzizi wake wote, nikachukua jembe nikalisawazisha kaburi lake mimi mwenyewe kabla watu hawajaja, nikaondoa kila kitu kilichoinuka. Nilitaka mkono wa kwanza uwe wangu.

Jumamosi, 14 Desemba

Msaragambo. Wamekata mibuni sita na kumaliza kuubomoa ukuta. Linus amepanga mawe. Mfongo umezibuliwa, ukingo umejengwa upya, Gideoni ameukanyagakanyaga kila hatua. Mbuzi ameliwa palepale kwenye kona, sheria inataka hivyo, aliyekosewa na aliyekosa wale pamoja. Jenoveva alikuja. Alichukua nyama ya paja, akawafungia watoto.

Isale nimeipanda upya katikati ya njia na mfongo, ili gurudumu lijue mwisho wake ni wapi.

Jumapili, 22 Desemba

Mvua. Imeanza jana alasiri na haijakoma. Kwa mahindi yale imechelewa. Tutapanda maharage.

Jumanne, 24 Desemba

Priska amerudi leo na mtoto, kwenye keria, amefunikwa turubai. Mvua ilikuwa imetulia kidogo. Waliniomba nimpe mtoto jina, wakitazamia nitasema Lukia. Nikasema hapana. Lukia yupo, hajaenda popote. Huyu aitwe Ernesta, jina la mama yangu, aliyekuwa na miguu mirefu.

Nilikuwa nimekwenda kuwapokea kwenye kona, nimekaa chini ya mgomba na gunia kichwani. Tangu njia ilipomalizika nimekuwa nikiona jambo: kila anayepita pale hushuka. Wako watatu sasa wenye baiskeli, wawili wa Myamba. Wakifika penye shamba langu wanashuka, wanavua kofia, wanasukuma taratibu hatua nne, halafu ndipo wanapanda. Hawajaambiwa na mtu. Ni adabu yao.

Linus naye alipofika akapiga breki, akateremsha mguu mmoja.

Nikatoka kwenye mgomba. "Usishuke," nikamwambia.

"Bibi, ni hapa."

"Najua ni hapa. Panda, upite, na wenzio waambie. Aliyelala hapa alikuwa anawahi zahanati."

Akanitazama. Kisha akapandisha mguu, akakanyaga pedeli, akapita juu yake na mkewe na mwanawe, bila kusimama.